Tufe la nyota lenye taa: Jinsi ya kuliweka lilingane na anga la Manga

Mtoto akiwasha tufe la nyota chumbani, huona Nyota ya Kaskazini ikiwa imekaa juu kabisa ya tufe. Akitoka nje usiku huohuo, akiwa Manga, haioni mahali popote. Ataitafuta kesho, mwezi ujao na mwaka mzima asiipate. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuamua kwamba macho yake yana kasoro, au kwamba sayansi ni ya watu wa mbali. Ukweli ni kwamba macho yake ni mazima na tufe pia ni zima. Limewekwa tu kwa ajili ya mtu anayeishi kaskazini mwa dunia.

Makala haya yanaeleza namna ya kuliweka tufe hilo lifuate anga la Manga, Kaunti ya Nyamira, na namna ya kulitumia nyumbani, katika kituo cha chekechea, shuleni au katika maktaba. Hakuna hatua inayohitaji fundi. Kinachohitajika ni meza, kipande cha kadibodi na usiku usio na mawingu.

TUFE LA NYOTA NI NINI

Tufe la dunia huonyesha nchi na bahari. Tufe la nyota huonyesha anga lote linaloizunguka dunia, yaani nyota zinazoonekana kwa macho na makundi yake. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubali mwaka wa 1922 kwamba anga ligawanywe katika makundinyota 88, na hayo ndiyo yanayochorwa kwenye matufe mengi ya leo. Taa iliyo ndani hufanya nyota zing'ae chumba kikiwa na giza.

Aina mbili ndizo zinazopatikana zaidi. Ya kwanza ni tufe la nyota peke yake. Ya pili ni tufe lenye sura mbili: taa ikiwa imezimwa huonyesha ramani ya dunia, na taa ikiwashwa michoro ya nyota hutokeza. Anayetumia aina hii ya pili ajue jambo moja. Kundinyota linalotokea juu ya ramani ya Kenya halimaanishi kwamba liko juu ya Kenya usiku huo. Dunia hujizungusha kila siku, na nyota hazikai juu ya nchi moja. Ramani mbili zimechapishwa kwenye tufe moja ili kuokoa nafasi tu.

KWA NINI MANGA NI TOFAUTI

Ikweta hupita Maseno, karibu na Kisumu. Manga iko takriban kilomita 70 kusini mwa mstari huo, chini ya digrii moja. Hapo ndipo siri yote ilipo.

Anga huonekana kama linazunguka kwenye mhimili wenye ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini. Mtu aliye London huona ncha ya kaskazini ikiwa juu sana, zaidi ya nusu ya safari kutoka upeo wa macho hadi utosini. Ndiyo maana Nyota ya Kaskazini, iliyo karibu na ncha hiyo, imekuwa mwongozo wa mabaharia wa huko. Mtu aliye Manga ana ncha zote mbili chini kabisa, moja kwenye upeo wa kaskazini na nyingine kwenye upeo wa kusini. Nyota ya Kaskazini imezama pale ambapo mbingu hugusa ardhi, nyuma ya vilima, miti na ukungu.

Hii si hasara. Kwa kuwa mhimili umelala, hakuna sehemu ya anga inayofichwa milele. Katika mwaka mmoja, mkaazi wa Manga anaweza kuona makundinyota yote 88. Mtu wa London haoni kamwe Msalaba wa Kusini akiwa kwao, na mtu wa Cape Town haoni Dubu Mkubwa mzima. Mtu wa Manga huwaona wote wawili, na kuna wakati wa mwaka huwaona kwa pamoja.

Kulala kwa mhimili pia ndiko kunakofanya kila nyota ichomoze mashariki, ipande wima, na izame magharibi baada ya saa 12 hivi. Jua nalo hufanya vivyo hivyo. Ndiyo sababu hesabu ya saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu mchana kutoka asubuhi, inafaa sana katika eneo hili: mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima.

KABLA YA KULIPA

Mzazi, mwalimu au kamati inayonunua tufe ikague mambo manne kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kwanza, umeme. Umeme wa Kenya ni volti 240. Tufe lililoandikwa volti 110 au 120 peke yake litaungua likichomekwa ukutani. Linalotumia betri za kawaida au chaja ya simu ya volti 5 ni rahisi zaidi kwa kituo kisicho na umeme wa uhakika.

Pili, aina ya taa. Taa za LED hubaki baridi. Balbu ya waya hupata joto, na haifai kuachwa iwake saa nyingi au kuguswa na watoto wadogo.

Tatu, egemeo. Tufe linaloweza kutolewa kwenye mkono wake, au ambalo mkono wake unaweza kulazwa, lina manufaa zaidi kuliko lililokazwa mahali pamoja.

Nne, upande wa michoro. Tufe la kweli huonyesha anga kana kwamba mtu amesimama nje ya mbingu, kwa hiyo kushoto na kulia hubadilishana na kile kinachoonekana kutoka ardhini. Matufe mengine huchapishwa kwa mtazamo wa mtu aliye ardhini. Kuna jaribio rahisi. Shika tufe ncha ya kaskazini ikiwa juu. Tafuta kundi la Jabari, ambalo kwenye matufe mengi limeandikwa Orion, kisha tafuta Kilimia, kilichoandikwa Pleiades. Kilimia kikiwa kushoto kwa Jabari, hilo ni tufe la kweli na linaweza kuzungushwa kuonyesha kuchomoza na kuzama. Kikiwa kulia, tufe linafaa kujifunzia maumbo ya makundi tu, kwani likizungushwa mpangilio wa nyota utakuwa kinyume.

KULIWEKA HATUA KWA HATUA

1. Tafuta kaskazini. Dira ya simu inatosha. Asiye na simu ya namna hiyo asimike kijiti wima uwanjani. Aweke alama kwenye ncha ya kivuli saa sita kamili mchana, kisha aweke nyingine saa saba na dakika 20. Mstari unaounganisha alama hizo huenda mashariki na magharibi. Alama ya kwanza iko magharibi. Saa hizo zimechaguliwa kwa sababu Manga jua hufika kilele chake karibu saa sita na dakika 40, wala si saa sita kamili. Saa za Kenya zimepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo ya digrii 45, ambao uko mashariki zaidi, nje ya mipaka ya nchi.

2. Tambua ncha za tufe. Ncha ya kaskazini ndiyo yenye Nyota ya Kaskazini, inayoandikwa Polaris.

3. Lilaze tufe. Egemeo la kawaida hulisimamisha likiwa limeinama kidogo tu, kama tufe la dunia la darasani. Hilo halifai kwa anga la hapa. Mhimili ulale sambamba na meza, ncha ya kaskazini ielekee kaskazini. Likitoka kwenye mkono wake, liweke juu ya bakuli au juu ya ngata ya majani ya migomba kama ile inayotumiwa kubebea mtungi, mradi taa yake ni ya LED isiyopata joto. Lisipotoka, laza egemeo lote ubavu na liegemeze kwa vitabu hadi mhimili ulale. Hakikisha waya haukandamizwi.

4. Anayependa usahihi ainue ncha ya kusini kidogo. Kwa tufe lenye upana wa sentimita 30, kiasi kinachotakiwa ni unene wa kijiti cha kiberiti. Huo ndio umbali wote wa Manga kutoka ikweta.

5. Weka upeo wa macho. Kata kadibodi yenye tundu la mviringo linalotosha tufe, kisha iegemeze pande zote ili izunguke tufe katikati yake. Kilicho juu ya kadibodi kiko angani wakati huo. Kilicho chini yake hakijachomoza au kimeshazama.

6. Zungusha na upime. Simama ukitazama kaskazini, mashariki ikiwa upande wa mkono wa kulia. Zungusha tufe ili sehemu yake ya juu itoke kulia kwenda kushoto. Angalia nyota tatu zilizopangwa mstari katikati ya Jabari, zinazojulikana kama mshipi. Zikipita juu kabisa ya tufe, kazi imefanyika vizuri, kwa sababu katika anga la Manga mshipi huo hupita utosini. Zikipita pembeni, mhimili bado umeinama.

KULITUMIA USIKU WA LEO

Tufe halijui tarehe wala saa. Mtumiaji ndiye huliambia. Kanuni ya kukumbuka ni hii: siku za mwisho za Februari, saa mbili usiku, mshipi wa Jabari uko utosini. Anza hapo. Kwa kila mwezi unaopita, sogeza tufe digrii 30 kuelekea magharibi, yaani sehemu moja kati ya 12 za mzunguko. Kwa kila saa inayopita usiku mmoja, sogeza digrii 15. Nyota hutangulia kwa takriban dakika 4 kila siku, na dakika hizo zikijumlishwa kwa mwezi huwa saa mbili.

Kwa wanaotaka mahali pa kuanzia, hivi ndivyo anga la Manga linavyokuwa saa mbili usiku katika miezi mbalimbali.

Januari na Februari: Kilimia na Jabari viko juu sana. Kati yake kuna nyota nyekundu iliyoandikwa Aldebaran. Jina hilo ni la Kiarabu, maana yake mfuasi, kwa kuwa nyota hiyo hukifuata Kilimia nyuma kila usiku. Ndani ya Jabari kuna nyota mbili kubwa, Betelgeuse yenye wekundu upande wa kaskazini na Rigel nyeupe upande wa kusini.

Wiki mbili za kwanza za Juni: Huu ndio wakati ambao Manga ina haki ya kujivunia. Ukitazama kusini, Msalaba wa Kusini, ulioandikwa Crux, umesimama wima. Ukigeuka kaskazini, nyota saba za Dubu Mkubwa, aliyeandikwa Ursa Major, ziko mbele yako. Yote mawili yako digrii 30 hivi kutoka upeo wa macho. Ukinyoosha mkono, ngumi moja hufunika kama digrii 10, kwa hiyo hesabu ngumi tatu kutoka upeo wa macho.

Agosti: Nge, aliyeandikwa Scorpius, yuko juu upande wa kusini, mkia wake ukiwa umejikunja kama wa nge halisi. Nyota nyekundu kifuani mwake ni Antares. Zungusha tufe na utaona kwamba Nge huchomoza Jabari anapozama.

Oktoba: Tazama kaskazini, nusu ya safari kwenda utosini na zaidi kidogo. Hapo kuna kundi lililoandikwa Cygnus, lenye umbo la ndege anayeruka.

Novemba: Kilimia kimechomoza tena mashariki, na mzunguko unaanza upya.

NYOTA AMBAZO HAZIMO

Swali ambalo watoto hawakosi kuuliza ni hili: mbona ile nyota kubwa ya jioni haimo kwenye tufe? Ile si nyota, ni sayari ya Zuhura. Zuhura, Mshtarii na sayari nyingine huhama kutoka kundi moja hadi jingine, hivyo hakuna mahali pa kudumu pa kuzichora. Mwezi na jua pia hazichorwi kwa sababu hiyohiyo. Hata hivyo, matufe mengi yana mstari unaozunguka kwa mshazari, ambao ndio njia ya jua. Kitu kinachong'aa sana karibu na mstari huo angani lakini hakimo kwenye tufe huenda ni sayari. Kukitambua hivyo ni somo tosha la jioni moja.

KILIMIA NA MKULIMA

Jina Kilimia linatokana na kulima. Wahenga wa pwani walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tufe linaeleza maneno hayo. Zungusha hadi Mei, na utaona Kilimia kimeufikia upeo wa magharibi jua likitua. Kwa wiki kadhaa hakionekani, kwa sababu kiko upande mmoja na jua. Mwezi wa Juni hurudi mashariki, kabla ya mapambazuko. Kimezama wakati wa mvua za masika na kuzuka zikiwa zimepungua.

Mkulima wa Manga, Kemera au Magombo achukue fundisho moja hapa. Nyota huonyesha tarehe, na haikosei. Kilimia kitarudi Juni hii kama kilivyorudi Juni ya wazee wetu. Mvua ndiyo inayotangulia au kuchelewa. Kwa hiyo Kilimia ni kalenda nzuri ya kukumbusha kwamba msimu umekaribia, lakini uamuzi wa siku ya kupanda mahindi au maharagwe uambatane na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Mtoto anayejua tofauti hiyo anaweza kuketi na babu yake na kuelewana naye.

KENYA IMO KWENYE TUFE

Kundi la Cygnus linalotajwa hapo juu lina sehemu katika historia ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, kulirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei kutoka angani. Ilipewa jina Uhuru kwa sababu ilirushwa Sikukuu ya Jamhuri, siku ambayo pia Kenya ilipata uhuru wake. Vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kuitambua Cygnus X-1, iliyo katika kundi hilo, kuwa kitu kinachodhaniwa kuwa shimo jeusi.

Sababu mojawapo ya kurusha roketi karibu na ikweta ni ileile inayofanya tufe lilazwe. Hapa ndipo ardhi inapozunguka kwa kasi kubwa zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na kasi hiyo husaidia kuisukuma roketi.

USALAMA NA UTUNZAJI

Betri zitolewe tufe lisipotumika kwa wiki kadhaa, kwani zikivuja huharibu vyuma vya ndani. Betri ndogo za duara, kama za saa, ni hatari sana kwa watoto wa chekechea. Zikimezwa huunguza koo na tumbo kwa muda mfupi. Mtoto aliyemeza apelekwe hospitalini mara moja bila kungoja dalili. Betri zilizokwisha zisitupwe shambani wala chooni.

Waya uliochunika usifungwe kwa karatasi ya nailoni. Chomoa na umwite fundi. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kikavu, tufe likiwa limezimwa.

Kuhusu macho, giza lina adabu yake. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea. Somo la tufe lifanywe ndani kwanza, taa izimwe, kisha kundi litoke nje na lisubiri. Anayehitaji tochi aifunike kwa kitambaa chekundu. Watoto watoke na mtu mzima, na wakae mbali na ukingo wa mwamba wa Manga, hata kama ndipo upeo wa magharibi unapoonekana vizuri zaidi.

JUKUMU LA NANI

Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na maktaba ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Wazazi wanaotaka vifaa vya aina hii katika kituo chao cha chekechea wanaweza kulitaja jambo hilo katika vikao vya wadi vya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Penye tufe tayari, gharama iliyobaki ni kadibodi na jioni moja.

ZOEZI LA FAMILIA

Usiku wowote wenye anga safi, mtoto achague nyota moja inayong'aa iliyo karibu na utosi. Alizungushe tufe hadi nyota hiyo iwe juu kabisa. Kisha atazame kwenye kadibodi upande wa mashariki, ataje kundi linalokaribia kuchomoza, na aandike saa. Baada ya saa moja, watu wote wa nyumbani watoke nje waone kama limetokea mahali aliposema. Likitokea, mtoto huyo atakuwa ameliambia anga la kwao mapema lifanye nini, na anga likatii.